Faji na Maradhi ya Mkojo: Miaka Mia ya Dawa Iliyogombaniwa

Mwaka huu wa 2026 yatimia miaka mia tangu Newton Larkum, mtaalamu wa maabara katika Idara ya Afya ya jimbo la Michigan huko Marekani, alipochapisha katika jarida la wanazuoni wa bakteria wa nchi yake maandishi mawili yaliyofuatana, ambayo ndani yake alieleza jinsi alivyovitafuta virusi vilao bakteria katika mkojo wa wagonjwa, jinsi virusi hivyo vinavyotenda kazi ndani ya kibofu, na habari za wagonjwa wa figo aliowatibu kwavyo. Maadhimisho haya hayana mpiga zumari. Walakini maradhi aliyoyashughulikia Larkum ndiyo yale yale ambayo leo, kwa jina la mkato la yutiai, hutajwa katika kila zahanati kutoka Lamu hata Mtwara, na dawa tulizozizoea kwa kuyatibu zinashindwa moja baada ya moja. Basi si vibaya kuuliza ilikuwaje tiba iliyotangulia penisilini, iliyouzwa madukani Paris na Marekani, na iliyopata kusifiwa hata na baadhi ya waliokuja kuihukumu, ikaachwa kando kwa muda wa umri wa mtu mzima.

Habari nyingi za makala haya nimezitwaa katika kitabu cha William Summers, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, kilichochapishwa mwaka 1999 juu ya maisha ya Félix d'Herelle, na katika makala ya Donna Duckworth ya mwaka 1976 iliyochunguza ni nani hasa aliyeigundua bakteriofaji, au faji kama tutakavyoiita hapa. Summers anampenda mtu wake, jambo ambalo si aibu kwa mwandishi wa wasifu, na msomaji akiona kalamu yangu nayo inaelemea upande huo, ajue upepo umetoka wapi.

D'Herelle alizaliwa mwaka 1873, kwa maneno yake mwenyewe mjini Montreal, lakini hati zilizofukuliwa baadaye zinaonyesha kwamba kitovu chake kilizikwa Paris. Hakuwa na shahada ya chuo chochote. Elimu ya bakteria alijisomea mwenyewe, akaenda kutafuta riziki Guatemala, kisha Mexico, ambako tangu 1907 alishughulika na kutafuta njia ya kugeuza makapi ya mkonge wa Yucatán kuwa pombe. Na mkonge huo ni jamii moja na ule ambao Dkt. Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, na ambao babu zetu waliukata kwa kipande kwa miaka mingi pasina kumwona hata mmoja wao akilewa kwa makapi yake. Huko Yucatán aliwaona nzige wakifa kwa maradhi ya tumbo, akaitoa bakteria iliyowaua, akaitwaa kama silaha, na kwa ajili yake akaalikwa Argentina na Tunisia kupigana na nzige wa huko. Kwa mtu asiye na cheti, hiyo ilikuwa safari ndefu.

Katika kiangazi cha mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, kuhara damu kulizuka miongoni mwa askari wa farasi waliokaa Maisons-Laffitte, karibu na Paris, na d'Herelle, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, akapewa amri ya kuyachunguza maradhi hayo. Alichuja choo cha wagonjwa kwa chujio la kaure ambalo bakteria haiwezi kulipenya, akauchanganya mchujo huo na bakteria za kuhara damu zilizooteshwa maabara, na katika sahani zake, juu ya tabaka jeupe la bakteria, akaona vidoa vya mviringo vilivyo wazi, kana kwamba pahala pale bakteria zimefutwa. Kitu kilichopenya chujio kilikuwa kinaziyeyusha, tena kilikuwa kinaongezeka kadiri kinavyoziyeyusha. Tarehe 10 Septemba 1917 Émile Roux alimsomea taarifa yake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris, na humo d'Herelle akadai waziwazi kwamba kitu hicho ni kiumbe, ni mdudu asiyeonekana ambaye ni adui wa bakteria.

Alikuwa amesema kweli, ijapokuwa ithibati ya macho ilichelewa zaidi ya miaka ishirini. Leo twajua kwamba faji hujibandika katika ukuta wa bakteria iliyo yake, hupenyeza ndani yake asili ya urithi wake na kuliacha ganda nje, huilazimisha bakteria ile itengeneze faji nyingine badala ya kujitengeneza yenyewe, na baada ya nusu saa hivi bakteria hupasuka na kumwaga faji kadiri ya mia au zaidi, nazo huziendea bakteria zilizo jirani. Nimesema bakteria iliyo yake, na maneno hayo yafaa yashikwe, maana ndimo iliko fadhila ya tiba hii na ndimo iliko taabu yake: faji iuayo aina moja ya Escherichia coli yaweza kupita karibu na aina nyingine ya jina lilo hilo isiidhuru hata kidogo, na bakteria nayo, ikibanwa, yaweza kubadili sura ya ukuta wake ili faji isipate pa kushika.

Hatua zilizofuata zinajulikana na wengi, nami nitazipita upesi. Mwaka 1919 d'Herelle aliijaribu faji kwa kuku wenye homa ya matumbo ya kuku. Mwaka ule ule, katika hospitali ya watoto mjini Paris, baada ya yeye mwenyewe na madaktari wenziwe kuinywa ili kuona kama ina madhara, alimnywesha mvulana wa miaka 12 mwenye kuhara damu, naye akapona. Mwaka 1925 aliwadunga wagonjwa wanne wa tauni katika karantini ya Misri, dawa ikiingizwa ndani ya matezi yaliyovimba, na wote wanne wakapona. Ndipo jina lake likavuma, Uholanzi wakamtunukia nishani ya Leeuwenhoek, na serikali ya Uhindi ya Waingereza ikamwita kuja kuijaribu kwa kipindupindu. Mwandishi Sinclair Lewis alitia faji katika riwaya yake Arrowsmith mwaka huo huo wa 1925, na riwaya hiyo ikapewa tuzo ya Pulitzer, ambayo yeye aliikataa.

Katika shangwe hizo za tauni na kipindupindu, maradhi ya mkojo hayakuwa na mshairi. Hakuna anayekimbia mji kwa sababu ya kibofu. Hata hivyo matabibu wenye macho waliona mapema kwamba katika viungo vyote vya mwili kibofu ndicho kilichoelekea kuifaa tiba hii: ni chumba kilichofungwa, chenye mlango mmoja wa kutokea ambao daktari aweza kuupitisha mpira wa mkojo na kuimimina dawa pale pale penye adui, bila kuipitisha katika tindikali ya tumbo wala katika damu, ambayo huiondoa faji upesi, tena aghalabu adui mwenyewe ni mmoja, yaani bakteria ya utumbo iitwayo Escherichia coli, ambayo mtu aweza kuiotesha kutoka katika kikombe cha mkojo, akaipima na faji kwenye sahani kabla ya kumgusa mgonjwa. Maradhi ya utumbo hayana nafasi hiyo, wala majeraha ya vita yenye bakteria za kila namna. Larkum aliliona jambo hili, na ndiyo maana nusu ya kazi yake ya 1926 ilihusu mambo yatendekayo ndani ya kibofu chenyewe, na nusu ilihusu kuhesabu ni mikojo ya namna gani yenye faji ya asili na ni bakteria zipi zenye kukubali kuyeyushwa. Huyo hakuwa mchuuzi. Alikuwa mtu wa kupima kwanza.

Wachuuzi walikuja nyuma yake. Mjini Paris maabara ya d'Herelle mwenyewe ilitoa dawa za chupa tano, mojawapo ikiitwa Bacté-Coli-Phage, ikikusudiwa bakteria hiyo hiyo ya utumbo na kibofu; na huko Marekani kampuni ya Eli Lilly iliuza Colo-lysate na ndugu zake. D'Herelle alisisitiza kwamba dawa isiyolinganishwa na bakteria ya mgonjwa si dawa, na kwamba nyingi zilizouzwa na wengine hazikuwa na faji iliyo hai ndani yake. Na katika hilo alikuwa na haki, kwa kuwa watengenezaji wengine walizitia kemikali za kuzuia kuoza ambazo ziliiua ile faji waliyokuwa wakiiuza.

Lakini kabla dawa haijapata kupimwa sawasawa, wenyewe wenye elimu walishikana mashati. Ugomvi huu naukalia kidogo, kwa kuwa bila ya kuujua huelewi kwa nini Larkum alisahauliwa.

Jules Bordet, Mbelgiji, mkuu wa Taasisi ya Pasteur ya Brussels na mwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919, alikuwa ndiye mfalme wa elimu ya kinga ya mwili katika zama zake. Mwaka 1920, yeye na msaidizi wake kutoka Rumania, Mihai Ciuca, walitangaza kwamba hakuna kiumbe chochote kilacho bakteria, bali ni bakteria zenyewe zilizoharibikiwa na chakula chao, zikawa zinatoa utomvu wa kujiyeyusha na kurithishana kasoro hiyo. Kwa mtu kama d'Herelle, asiye na cheo wala cheti, kukanushwa na mtu wa daraja hiyo lilikuwa pigo. Lakini pigo la pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1921 watu wale wa Brussels walifukua makala iliyokuwa imelala katika jarida la The Lancet tangu Disemba 1915, iliyoandikwa na Mwingereza Frederick Twort, ambaye alieleza jinsi makundi ya bakteria katika sahani zake yalivyogeuka kuwa angavu kama kioo, na jinsi ugonjwa huo wa bakteria ulivyoweza kuambukizwa kwa mchujo. Twort alitaja uwezekano wa virusi, akataja na uwezekano wa kimeng'enya, asikate shauri, akamaliza kwa kulalamika kwamba fedha hazikumruhusu kuendelea. Kisha vita vikamchukua Salonika.

Basi sasa d'Herelle alikuwa anaambiwa mambo mawili yasiyopatana, tena na watu wale wale: kwamba alichokiona si kiumbe, na kwamba kiumbe hicho kilionwa na mwingine kabla yake. Akajibu kwa ukali aliouzoea. Alisema kuwa alichokiona Twort ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa bakteria za Twort ziligeuka kioo na za kwake ziliyeyuka. Na akazidi kueleza kwamba vidoa vilivyo wazi alikuwa amekwisha viona huko Mexico, katika bakteria ya nzige, miaka kadhaa kabla ya Mwingereza yule. Hapo hata mwandishi wake Summers hawezi kumtetea sana. Mtu mwenye hoja moja yenye nguvu aliikabidhi kazi ya kulinda hoja nyingine iliyo dhaifu.

Mwezi wa Julai 1922 Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliwakutanisha Glasgow, nao Twort, d'Herelle, Bordet na André Gratia, mwanafunzi wa Bordet, wakasimama kila mmoja kwa zamu yake kutetea itikadi yake, na wote wakarudi kwao na itikadi zao. Gratia, ambaye alikuwa amefanya kazi New York, ndiye aliyegeuka kuwa hasimu mkuu: mwaka baada ya mwaka aliandika kwamba jambo la Twort na jambo la d'Herelle ni moja, na d'Herelle akaandika kwamba si moja, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 walipokubaliana jambo ambalo katika historia ya sayansi halina mifano mingi, yaani mubaraza wa maabara. Kila mmoja alimteua mwamuzi wake: d'Herelle akamteua Paul Flu wa Leiden, Gratia akamteua Renaux wa Liège, na wanazuoni hao wawili wakatwaa bakteria na michujo ya pande zote, wakayarudia majaribio. Mwaka 1932 walitoa hukumu yao kwa pamoja, katika jarida la Taasisi ya Pasteur yenyewe. Jambo la Twort na jambo la d'Herelle ni moja. Mwamuzi wa d'Herelle aliitia sahihi kama yule wa Gratia.

Kumbuka kwamba hukumu hiyo haikusema lolote juu ya kama faji ni kiumbe au si kiumbe, wala juu ya kama inaponya au haiponyi. Iliamua nani aliona kwanza. Miaka kumi na zaidi ya akili nzuri za Ulaya ilitumika katika shauri la kutangulia, na katika miaka hiyo hiyo hapakuwa na mtu aliyekaa akagawa wagonjwa mia wa kibofu katika mafungu mawili, fungu moja likapewa faji na fungu jingine maji, ili aone. Nyumbani kwake pia d'Herelle alikuwa amekwisha pata adui, kwani Albert Calmette, naibu mkuu wa Taasisi ya Pasteur na mmoja wa wenye chanjo ya kifua kikuu, hakumtaka, wala d'Herelle hakuisifu chanjo hiyo. Akanyang'anywa nafasi yake, na kwa muda akawa anafanya kazi juu ya kigoda alichopewa kwa hisani katika chumba cha Édouard Pozerski, mtu ambaye Wafaransa wanamkumbuka zaidi kwa vitabu vyake vya upishi. Jina la d'Herelle lilipendekezwa mara nyingi kwa Tuzo ya Nobel. Hakuipata.

Ikaja hukumu ya pili, na hiyo ndiyo iliyoua. Mwaka 1934 baraza la dawa la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa Monroe Eaton na Stanhope Bayne-Jones, waliosoma zaidi ya maandishi mia moja juu ya tiba ya faji. Walisema kwamba faji haina uhai, na yamkini ni kimeng'enya, itikadi ambayo msomaji ataitambua ilikotoka. Na kwamba ushahidi wa kuponya kwake unapingana na hauna mizani. Walakini waliweka kando mambo mawili: maradhi ya ngozi ya stafilokoki, kama majipu, na, kwa neno la labda, maradhi ya kibofu. Katika hayo tu, walisema, umeletwa ushahidi wenye kuelekea kusadikisha. Mimi nimelisoma neno hilo la labda mara nyingi, na kila mara nimestaajabu jinsi lilivyopotea. Waliosoma taarifa walishika hukumu ya jumla wakaiacha istithnaa yake. Na ilipofika miaka ya 1940, penisilini na dada zake zikaja na nguvu ya kuua bakteria za kila rangi bila kuuliza jina, na daktari wa Ulaya Magharibi au Marekani akawa hana haja tena ya kuotesha, kulinganisha na kungoja.

Kejeli ya wakati ni kwamba mwaka 1940, dawa hiyo ilipokuwa inaachwa, hadubini ya elektroni ya Helmut Ruska huko Ujerumani ilizipiga picha faji zikiwa zimejibandika katika bakteria, na mabishano ya Bordet yakafikia kikomo chake. D'Herelle aliishi akayaona hayo, ingawa vita vilimkuta Ufaransa, naye akawekwa chini ya ulinzi mjini Vichy. Alifariki Paris tarehe 22 Februari 1949.

Pahala pamoja faji haikuachwa. Giorgi Eliava, Mjojia aliyezaliwa mwaka 1892, inasimuliwa kwamba alikuwa akichunguza maji ya mto Mtkvari upitao Tbilisi, akaziacha bakteria zake za kipindupindu, na aliporudi baada ya siku chache akakuta zimetoweka. Kisha akaenda Paris, akasoma kwa d'Herelle, na wakawa marafiki. Mwaka 1923 alianzisha Tbilisi taasisi ambayo leo ina jina lake. D'Herelle alikaa kwake mara mbili kati ya 1933 na 1935, akaandika huko kitabu alichomtunukia Stalin, na nyumba ikaanza kujengwa kwa ajili yake katika viwanja vya taasisi. Hakuihamia. Mnamo Januari 1937 Eliava alikamatwa kwa tuhuma za kuwa adui wa umma, na tarehe 10 Julai akapigwa risasi. Mkewe, mwimbaji wa opera, naye akaangamia. Watu wa Tbilisi husimulia habari ya ugomvi wake na Lavrenti Beria, mkuu wa chama tawala cha nchi hiyo siku zile, wengine wakiutia mwanamke ndani yake, wengine wakisema Eliava alimruka Beria kwa kwenda Moscow kuomba fedha. Nyumba ya d'Herelle ikawa ya polisi wa siri. D'Herelle hakukanyaga tena nchi hiyo.

Na bado taasisi ikaendelea. Jambo hili ndilo linilazimishalo kuwavulia kofia Wajojia: mwasisi aliuawa, nao wakaendelea kutafuta faji mtoni na katika maji machafu, kuzilinganisha, kuzitia chupani na kuzipeleka jeshini na hospitalini. Huko Stalingrad, mwaka 1942, Zinaida Yermolyeva alitengeneza faji ya kipindupindu mji ukiwa unapigwa mabomu. Kwa miongo iliyofuata dawa iitwayo Pyo, yenye mchanganyiko wa faji za bakteria za usaha pamoja na zile za kibofu, ilikuwa katika maduka ya dawa ya Tbilisi kama vile kwetu ilivyo dawa ya malaria. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, umeme ukawa unakatika, majokofu yakafa, faji nyingi za miaka mingi zikapotea, na inasimuliwa kwamba wafanyakazi walizipeleka nyingine nyumbani kwao ili kuziokoa.

Kilichofuata ni kifupi. Usugu wa bakteria uliwarudisha Wazungu wa Magharibi Tbilisi, na mwaka 2016 watafiti walizijaribu dawa za huko kwa bakteria zilizotoka katika mkojo wa wagonjwa wa Zurich: 41 za Escherichia coli na 9 za Klebsiella. Dawa hizo ziliziyeyusha kati ya asilimia 66 na 93 za Escherichia coli, na baada ya kuzoeshwa bakteria hizo, yaani kulishwa nazo mara kwa mara ili zibakie faji zenye kuweza, zikazidi nguvu. Ndipo, kati ya Juni 2017 na Disemba 2018, katika kituo cha taifa cha maradhi ya mkojo kiitwacho kwa jina la Tsulukidze mjini Tbilisi, likafanywa lile ambalo lilipaswa kufanywa katika siku za Larkum. Wanaume waliokuwa wakipasuliwa tezi dume, na ambao mkojo wao ulikuwa na bakteria, waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu: fungu moja lilimiminiwa Pyo katika kibofu mara mbili kwa siku kwa siku saba, la pili likamiminiwa kimiminika kisicho na dawa, wala mgonjwa wala daktari asijue kipi ni kipi, na la tatu likapewa antibiotiki. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Mkojo ulitakasika kwa wagonjwa 5 katika 28 waliopewa faji, kwa 9 katika 32 waliopewa kimiminika kitupu, na kwa 13 katika 37 waliopewa antibiotiki.

Wapenzi wa faji waliitangaza habari hii kwa upande mmoja tu, kwamba tofauti kati ya faji na antibiotiki haikuwa kubwa kiasi cha kuihukumu faji kuwa duni, na kwamba haikuleta madhara yaliyozidi. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba kukiosha kibofu kwa kimiminika kitupu hakukuzidiwa na yote mawili kwa kiasi cha kuaminika, na jambo hilo lamtaka mtu asome upya, kwa jicho lenye shaka, kila mgonjwa aliyepona katika maandishi ya 1926 na ya baadaye, na Larkum asiachwe nje, kwa kuwa pale dawa ilipomiminwa katika kibofu kwa mpira hakuna aliyejua ni dawa iliyoponya au ni kuoshwa. Mimi siioni hiyo kuwa aibu kwa faji. Naiona kuwa aibu ya miaka tisini ambayo swali jepesi kiasi hicho halikuulizwa, kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kuliuliza walikuwa na shughuli ya kuamua nani alitangulia.

Mwaka 2018 Ubelgiji, nchi ya Bordet na Gratia, iliweka utaratibu wa kumruhusu mfamasia amtengenezee mgonjwa mmoja faji kwa agizo la daktari, faji hizo zikikaguliwa na maabara ya serikali, na hospitali ya kijeshi ya Malkia Astrid mjini Brussels ndiyo inayozitoa. Kwetu Afrika Mashariki, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI mjini Nairobi imekuwa ikitafuta faji za kuua Salmonella katika kuku, yaani jamii ile ile ya bakteria aliyoanzia d'Herelle mwaka 1919. Kwa kibofu cha binadamu twalo jambo la kutangulia. Utafiti uliofanywa kwa pamoja katika Kenya, Tanzania na Uganda umeonyesha kwamba bakteria za mkojo zilizo sugu kwa dawa za namna nyingi ni jambo la kawaida. Na sababu mojawapo twaiona kila siku dukani, ambako mtu hununua siprofloksasini kwa kuhesabiwa vidonge, bila cheti, na pengine nusu ya dozi, kwa kuwa fedha zimekwisha. Hospitali nyingi za wilaya haziwezi kuotesha mkojo. Mgonjwa hupimwa kwa kijiti kinachobadilika rangi na kupewa dawa kwa kukisia. Palipo hivyo, hata chupa za Tbilisi zikiletwa bure bandarini kesho, zitamiminwa kwa wagonjwa bila mtu kujua bakteria yao ni ipi, kama zilivyouzwa Marekani miaka ya 1930, na zitashindwa kwa sababu ile ile. Fedha za mwanzo, kama zipo, ziende kwenye sahani za kuoteshea na mishahara ya watu wa kuzisoma.